Laini Imefungwa Hadi Jumapili

Mama Swichi hakuwahi kupokea simu kama watu wengine. Aliiachia iite mara mbili, akakohoa pembeni, kisha akatoa sauti ambayo ungeapa ni ya msichana wa miaka ishirini: "Karibu, nikuunganishe na nani?" Hata kama aliyepiga ni binti yake wa kumzaa, na hata kama nyumba nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kuunganishwa naye ila yeye mwenyewe na paka wa jirani. Ndio ulikuwa mzaha wake, na hakuuchoka.

Jina alilipata kazini. Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye swichibodi ya hospitali kubwa, chumba kidogo nyuma ya mapokezi, kisicho na dirisha, na simu zote za hospitali zilipita mikononi mwake. Wenye wagonjwa, wenye kumtafuta daktari, wenye kukosea namba, wote aliwaambia subiri kidogo, nakuunganisha, na kweli akawaunganisha. Alikuwa na daftari lake la zamu. Daktari akiandikisha humo kwamba asisumbuliwe hadi saa tisa, basi hasumbuliwi hadi saa tisa, lije jua, ije mvua. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuambiwa asubiri, akafoka, akaapa kumfukuza mtu kazi, na akasubiri. Kitu kimoja tu kilifungua laini iliyofungwa, nacho ni neno dharura. Kwa hiyo kila daktari aliyefunga laini yake, Mama Swichi alimuuliza, "Na dharura?" Kisha akaandika jibu kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Hilo la dharura ulishike vizuri.

Baadaye mitambo iling'olewa, kila ofisi ikapata laini yake, na Mama Swichi akapewa cheti na saa ya ukutani. Saa haikumaliza mwaka. Cheti kikabaki sebuleni, na yeye akabaki na simu zake mbili za mkononi na binti mmoja wa kumpigia.

Huyo binti, kitindamimba wake, alimwita Profesa tangu siku alipoanza kusoma vibao vya madukani kwa sauti. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea mawasiliano, na cha kuchekesha, kama kuna kucheka hapo, mama yake ndiye mtu aliyemshinda kuwasiliana naye. Mama alipiga saa moja asubuhi kumuuliza kama ameamka. Akapiga saa nne kumuuliza kama amekula. Mchana akatuma stika ya ua. "Mama niko darasani." "Mama nitakupigia." Thubutu! Hapigi ng'o. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mno, lakini alikuwa na hakika kwamba mama atakuwepo kesho pia.

Utafiti wake wa kumalizia shahada ulihusu kitu wanachokiita ikolojia ya mawasiliano. Usiogope jina. Maana yake ni kwamba mtu haishi na njia moja ya kuwafikia wenzake. Anaishi katikati ya njia nyingi, simu, ujumbe, kundi la familia, kubisha hodi, kumtuma mtu, na ukiziba njia moja zote zilizobaki zinatikisika. Profesa alitaka kujua kama simu hizi za kisasa zimewasogeza wastaafu karibu na watu wao au zimewaacha pembeni. Akachagua wastaafu kumi na wawili, akawachapishia kila mmoja daftari la siku saba. Ndani yake kulikuwa na safu za saa, mtu, njia na dakika, na safu ya mwisho ambayo msimamizi wake aliisifia sana: uliyetaka kumpata ukamkosa, na kwa nini.

Siku tatu kabla ya kuanza, mzee mmoja akajitoa. Mkewe alimwambia huo ni upelelezi. Profesa akakosa mtu wa kumi na mbili, akamkumbuka mama.

"Mama yako mwenyewe?" Msimamizi alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. "Si umesema anakupigia mara sita kwa siku? Utajikuta unajitafiti mwenyewe."

"Nitamkataza asinipigie wiki hiyo."

"Mh. Haya. Ila mimi sikukushauri hivyo, tusije tukalaumiana."

Jumapili mchana alimkuta Mama Swichi ameshafuta meza na kuchonga penseli, kalamu mbili ziko pembeni endapo moja itakauka. Alikuwa na furaha, jamani, furaha ya mtu aliyerudishwa kazini. Alilipokea daftari kwa mikono miwili, akazisoma safu zote, akasema safu ya dakika ni nyembamba mno, kule kazini kwao hawakuipanga hivyo.

"Sasa sikiliza, Mama. Kuanzia kesho hadi Jumapili ijayo saa kumi na mbili jioni, usinipigie. Usinitumie ujumbe. Hata stika."

"Hata ile ya ua?"

"Hata ile ya ua. Ukinitafuta mimi, data yote inaharibika."

Mama alifungua ukurasa wa kwanza, akaanza kuandika kwa ile hati yake ya ofisini, iliyosimama wima kama askari. Akainua kichwa. "Na dharura?"

Profesa akacheka. Alikuwa anakunywa chai kwa kusimama, begi liko begani. "Dharura gani, Mama? Dharura zako si nazijua? Gesi imeisha, salio limeisha, paka wa jirani kazalia kabatini. Hakuna dharura."

"Hakuna?"

"Hakuna. Ukikwama mpigie Mama Mdogo."

Mama aliandika. Profesa hakuangalia alichoandika. Alimkumbatia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu, akatoka.

Na ukweli usemwe, ile wiki aliifurahia. Alilala mpaka saa moja na nusu. Alisoma kurasa hamsini bila kukatizwa. Jumatano alijikuta anaitazama simu iliyonyamaza, akacheka peke yake, akasema moyoni kumbe mama anaweza bwana. Ijumaa alimsimulia msimamizi kwamba washiriki wote wanaweza kuteleza, lakini si mama yake. Alisema hivyo kwa majivuno.

Jumamosi saa tano asubuhi alikuwa maktaba, simu imelala kifudifudi mezani bila mlio. Alipoigeuza alikuta Mama Mdogo amempigia mara kumi na nne.

Jirani alikuwa amekuja kumtafuta paka wake. Alimkuta Mama Swichi sakafuni jikoni, yu hai, macho wazi, mdomo umekwenda upande. Simu zote mbili zilikuwa mezani, zina chaji, zina salio. Walimkimbiza kwenye hospitali ileile alikomaliza miaka yake thelathini na mmoja, na pale mapokezi hakuna aliyemtambua ila mfagiaji mmoja mzee, ambaye aliweka ufagio chini akalia.

"Kiharusi," daktari alisema. "Dalili zilianza lini? Mkono kufa ganzi, maneno kugoma? Mara nyingi huanza kwa kubisha hodi siku mbili tatu kabla. Angeletwa wakati ule, tungekuwa tunazungumza mengine." Hakuna ndugu aliyejua.

Profesa alijua pa kuangalia. Alikuwa ametumwa nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa, akalikuta daftari mezani limefunguliwa, kalamu imeviringika hadi chini ya jiko. Hakulisoma. Alilifunga, akalitia kwenye begi chini ya kompyuta, na hakumwambia mtu.

Mama Swichi hakufa. Upande wa kulia uliondoka, na ile sauti iliyojulikana na hospitali nzima ikaondoka nayo, isipokuwa neno moja. "Subiri." Akiwa na kiu, subiri. Akiumwa, subiri. Akitaka kugeuzwa, subiri, subiri, huku machozi yanamtoka kwa hasira kwa sababu silo alilotaka kusema. Daktari alieleza kwamba wagonjwa wengine hubakiwa na neno walilolitumia sana maishani. Ndugu walicheka huku wanajifuta macho: masikini, kazi imemganda ulimini. Profesa alitoka nje ya wodi akasimama kwenye korido, kichwa kwenye ukuta.

Kwenye kundi la familia simu zilikuwa hazipoi. Asubuhi dua, mchana stika za mikono iliyofumbatwa, jioni pole. Kaka yake aliye nchi nyingine alituma ujumbe wa sauti, wa dakika nzima, na nusu yake ni kikohozi na kilio. "Mtu ana simu mbili. Ana watoto, ana mdogo wake, ana jirani. Kwa nini hakumpigia mtu? Nielezeni, mimi sielewi."

Aliyejibu ni Mama Mdogo, mdogo wake Mama Swichi wa tumbo moja, mwenye duka la vitambaa. "Alinipigia mimi. Alhamisi asubuhi. Nilikuwa napima kitambaa cha mteja, nikaiacha iite, nikasema moyoni nitampigia, nikasahau. Msimtafute mwingine. Nimemmaliza dada yangu kwa mita tatu za kitambaa."

Watu wakamwandikia usijilaumu, ni mipango ya Mungu. Profesa alisoma. Kila mtu kwenye kundi aliona kwamba amesoma. Aliandika maneno matano, akayafuta. Akaandika mawili, akayafuta, akatuma stika.

Mgonjwa aliporuhusiwa alipelekwa kwa Mama Mdogo, kwenye chumba cha uani kilichokuwa stoo ya majora ya vitambaa. Duka likafungwa. Mama Mdogo akakonda, uso ukamsinyaa, akawa anamlisha dada yake supu na kila kijiko anakisindikiza na maneno: nisamehe dada, fumbua mdomo, nisamehe. Na Profesa alikuja kila siku baada ya masomo, akaketi kwenye kiti kando ya mlango, akatazama. Wiki tatu! Kila alipofungua mdomo aseme, Mama Mdogo alimwambia, "Kaa mwanangu, wewe huna kosa, pumzika." Mtu ukiambiwa huna kosa na mwenye kuubeba mzigo wako, unakosa pa kuanzia. Lakini na woga ulikuwepo, tusiupambe.

Kisha msimamizi akayataka madaftari.

"Kumi na moja," alihesabu. "La kumi na mbili?"

"Halikukamilika. Lina siku sita."

"Aa, basi litoe. Tulikubaliana siku saba." Hakujua ni la nani, alikuwa amesahau, ana wanafunzi thelathini. "Andika kwenye mapungufu: mshiriki mmoja hakumaliza. Mstari mmoja unatosha."

Profesa alishukuru, akatoka, akaketi kwenye ngazi za jengo huku wanafunzi wanampita kushoto na kulia. Mshiriki mmoja hakumaliza. Ilikuwa rahisi hivyo. Angeweza kuandika mstari ule, akahitimu, akalichoma daftari, na Mama Mdogo angeendelea kuomba msamaha hadi siku ya kufa mmoja wao. Alilitoa kwenye begi, akalifungua kwa mara ya kwanza.

Ukurasa wa kwanza, kwa ile hati ya kusimama wima: "Laini ya Profesa: imefungwa hadi Jumapili saa 12 jioni. Dharura: hakuna. Amesema mwenyewe."

Jumatatu ilikuwa safi kabisa, mistari imenyooka. Saa 2.15, jirani, ana kwa ana, dakika 20, habari za paka. Saa 3.00, mdogo wangu, simu, dakika 9, analalamikia wateja. Safu ya mwisho: "Profesa. Stika ya ua. Laini imefungwa." Jumanne: "Profesa. Kumuuliza kama amekula. Laini imefungwa." Jumatano: "Profesa. Sina la kumwambia. Laini imefungwa."

Alhamisi herufi zilianza kuinama. "Saa 4.10. Profesa. Kikombe kimeniponyoka, mkono wa kulia mzito. Kumuuliza niende hospitali au nilale kwanza. Laini imefungwa." Chini yake: "Saa 4.25. Mdogo wangu. Simu. Hakupokea. Ana wateja, si kosa lake." Chini tena: "Saa 5.00. Jirani. Ana kwa ana. Nimemwambia sijambo."

Ijumaa maneno yalikuwa yanateremka kuelekea pembe ya karatasi. "Profesa. Kusikia sauti yake tu. Maneno yananikataa. Zimebaki siku mbili."

Jumamosi hapakuwa na saa wala njia wala dakika. Kulikuwa na herufi tano kubwa kwenye safu ya mwisho, zimepandana: "Profe". Basi.

Alilia pale pale kwenye ngazi, kwa sauti, mtu mzima. Msichana mmoja alisimama akamuuliza kama aite mtu. Akatikisa kichwa. Alipoweza kusimama, alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mdogo.

Alimkuta anampangusa mgonjwa mdomo kwa kitambaa. Ilikuwa alasiri, dirisha la uani liko wazi. Profesa hakuketi kwenye kile kiti cha mlangoni. Alilifungua daftari kwenye Alhamisi, akamkabidhi.

"Soma hapa, Mama Mdogo. Saa nne na dakika ishirini na tano."

Mama Mdogo alilisogeza mbali na macho, halafu karibu. Midomo ilikuwa inacheza. Alipofika "si kosa lake" alikaa chini kitandani, miguuni kwa dada yake, akapitisha kidole juu ya maneno yale mara mbili, mara tatu. Kisha, bila kuambiwa, akarudisha kurasa nyuma hadi mwanzo.

"Dharura hakuna," alisoma. "Amesema mwenyewe. Nani alisema?"

"Mimi."

"Wewe ulimwambia dada yangu hakuna dharura? Dada yangu huyu? Humjui alivyo?"

"Namjua. Nilikuwa natania, Mama Mdogo. Nilikuwa na haraka."

"Na hili daftari unalo tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

Mama Mdogo alilifunga taratibu. "Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu namwomba huyu msamaha kwa kila kijiko, nawe umekaa pale unanitazama."

"Nisamehe, Mama Mdogo. Niliogopa."

"Usinisemeshe, mwanangu. Usinisemeshe sasa hivi, nisije nikatoa neno nikashindwa kulirudisha." Aliliweka daftari kitandani, akatoka uani. Punde ikasikika sufuria inasuguliwa kwa nguvu, na sufuria zote zilikuwa safi. Profesa aliziona wakati anaingia.

Mama Swichi alikuwa macho muda wote. Profesa akapiga magoti ili nyuso zilingane.

"Umesikia, Mama. Ni mimi niliyekufungia laini. Ulinitafuta siku sita, na mimi nikawa najisifu kwa watu jinsi ulivyonyamaza."

Mama alimtazama. Mkono wa kushoto ukaanza kutambaa juu ya shuka, taratibu, hadi ukalifikia daftari. Ukalivuta. Profesa akataka kumsaidia, macho yakamkataza. Kwa kidole gumba alifunua kurasa, akapitiliza, akarudi, hadi akaufikia ukurasa wa siku ya saba, mtupu, una mistari iliyochapwa tu. Akaugonga kwa ukucha. Akamtazama binti yake, akaugonga tena. Profesa akaelewa. Utotoni alilisikia mara mia: opereta haondoki kazini ameacha ukurasa wa zamu mtupu.

Akatafuta kalamu kwenye begi. Simu ilikuwa inatetemeka humo ndani, jina la msimamizi linawaka. Akaiacha.

"Siku ya saba," alisema huku anaandika, na hati yake mbaya ilionekana mbaya zaidi chini ya ile ya mama. "Saa tisa na nusu. Profesa. Njia, ana kwa ana. Dakika..." Akainua kalamu. "Dakika tuziache kwanza, Mama. Siondoki."

Mama akashusha kope, akazipandisha. Kidole kikasogea hadi safu ya mwisho, ile iliyosifiwa sana, uliyetaka kumpata ukamkosa. Kikatulia pale.

"Hapa niandike nini?" Profesa aliuliza. "Niandike kwamba umenipata? Mama? Au nimechelewa?"

Mama Swichi alifumbua mdomo. Kidevu kikatetemeka, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakajaa, ukaona kabisa kwamba kuna jibu, lipo pale pale nyuma ya meno, refu, lenye maneno mengi, na kwamba analisukuma kwa nguvu zake zote zilizobaki.

"Subiri," alisema.

Uani sufuria zilikuwa zimenyamaza. Profesa akashika kalamu vilevile, magoti sakafuni, akasubiri.